Mita Ilisoma 12, Lakini Dirisha Halikupanda



Leo nina ungamo, na limeanzia kwenye mlango wa gari langu. Naomba usome hadi mwisho, hasa kama wewe ni kiongozi wa idara kanisani, mzazi, au mwajiri mwenye watu chini yako. Na kama dirisha la gari lako limekwama wiki hii ya mvua, utapata msaada pia.

Somo letu ni 1 Wafalme 19:4-8. Liweke karibu, tutalifikia.

Ilikuwa Jumapili jioni mwezi wa Aprili, hapa Nakuru. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha viongozi, na kikao hakikuwa kitamu. Tulikuwa tukimjadili mpiga kinanda wetu, ambaye alikuwa ameanza kukosa mazoezi ya Alhamisi. Huyo alikuwa wa pili. Wa kwanza tulikuwa tumempumzisha miezi miwili iliyopita kwa kosa lilo hilo. Nilisema mbele ya wote kwamba vijana wa siku hizi hawana mzigo wa huduma. Kumbuka maneno hayo, maana yatanirudia.

Nilipofika langoni nikashusha kioo upande wangu nimsalimie mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akisubiri matatu. Tulipoagana nikabonyeza swichi kioo kipande. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikajaribu kukivuta kwa mkono, nikaumiza kidole. Kabla sijafika barabara kuu mvua ikashuka. Nilifika nyumbani bega la kulia limelowa mpaka kwenye shati, na mama mchungaji akanipokea kwa taulo na kicheko. Usiku huo gari lililala limefunikwa turubai.

Jumatatu nikaenda kwa fundi kijana aliye karibu na nyumbani. Alifanya kazi kwa bidii, simlaumu. Alifungua kava ya ndani ya mlango, akachomoa plagi ya waya zinazoingia kwenye mota ya kupandisha kioo, akachomeka ncha mbili za mita yake ndani ya plagi ile. Akaniambia, "Pasta, bonyeza swichi." Nikabonyeza. Mita ikasoma 12.

"Unaona? Umeme unafika vizuri. Mota ndiyo imekufa."

Mimi na elimu yangu ya theolojia ningebisha nini? Nambari niliiona kwa macho yangu. Nikanunua mota ya mitumba kwa shilingi 4,500, nikamlipa 1,500 za kazi. Akaifunga, mlango ukiwa wazi kabisa, na kioo kikapanda. Nikamshukuru Mungu.

Jumatano asubuhi kikakataa tena.

Mpendwa, umewahi kulipia kitu, ukashuhudia kwamba kimepona, halafu kabla ushuhuda haujapoa tatizo likarudi? Basi unanielewa nilivyokaa kwenye kiti kile.

Shemasi wetu mmoja akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari tu. Hana gereji kubwa. Ana kivuli cha mti, sanduku la mbao na kigoda. Nikamweleza kwamba mota mpya imekufa na ninataka nyingine. Mzee hakugusa gari. Aliniuliza swali.

"Pasta, siku ile kilipopanda, mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

Nikafikiri. Ulikuwa wazi.

"Na kilipokataa?"

Umefungwa.

Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kusikia kikohozi. Akasema, "Mota tuiache kwanza. Tufuate njia ya umeme."

Nataka nikupitishe kwenye njia hiyo kama alivyonipitisha mimi, kwa sababu itakusaidia na gari lako, na kwa sababu ndiyo njia Bwana alinifundishia.

Kwanza fyuzi. Madirisha mengine matatu yalikuwa yanafanya kazi, na katika gari langu yote manne yanapata umeme kwenye fyuzi moja. Akasema fyuzi ni nzima, hakuna haja ya kuichomoa.

Pili, akawasha taa ya ndani ya gari, akaniambia niitazame huku nikibonyeza swichi. Alinieleza hivi: mota iliyokwama hujaribu kuvuta, na ikivuta inakula umeme mwingi, hivyo taa hufifia kidogo. Taa isipofifia hata chembe, maana yake umeme mkubwa hautembei kabisa. Nikabonyeza. Taa haikushtuka. Basi mota haikuwa inapambana. Haikuwa inapata chochote cha kupambana nacho.

Tatu, swichi. Katika gari langu swichi za madirisha ziko katikati, karibu na gia. Akabadilishana plagi mbili, ya upande wangu akaichomeka kwenye swichi ya upande wa abiria. Dirisha la abiria likafuata swichi yangu vizuri. Langu halikufuata ya abiria. Basi swichi zote mbili ni nzima.

Nne, mota. Akachukua nyaya mbili ndefu moja kwa moja kutoka kwenye betri, akazigusisha kwenye mota. Kioo kikapanda bila kusita. Akageuza nyaya, kikashuka. Ndivyo mota hizi zilivyo, ukigeuza upande wa umeme nayo inageuka. Mota mpya ilikuwa nzima.

Halafu akaniuliza, "Ile ya zamani uliitupa?"

Ilikuwa kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Akaifungua, akaigusisha na zile nyaya mbili. Ikazunguka mkononi mwake, na mlio wake ulikuwa mtulivu kuliko wa ile niliyonunua.

"Pasta, mota uliyoitoa haikuwa na shida."

Nilinyamaza. Sikuwa nawaza juu ya zile shilingi 6,000. Nilikuwa nawaza juu ya ndugu mmoja, na nitafika kwake sasa hivi. Ngoja tumalize waya.

Nikamuuliza mzee, "Lakini mita ilisoma 12. Niliona."

Akachukua mita yake mwenyewe, akachomoa plagi kwenye mota kama alivyofanya yule kijana. Nikabonyeza. Ikasoma 12 na kidogo juu. Kisha akaichomoa mita, akatoa kwenye sanduku balbu kuukuu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, ambayo ameiunganishia nyaya mbili. Akaichomeka kwenye plagi ileile. Nikabonyeza. Balbu haikuwaka. Ilikuwa nyekundu kidogo ndani, kama kaa linalokufa. Akarudisha mita huku balbu ikiwa bado imechomekwa, na mita ileile, kwenye waya uleule, ikasoma chini ya 3.

Akasema maneno ambayo nimeyahubiri tangu siku hiyo: "Mita haibebi kitu. Inaonja tu. Ukitaka kujua waya, upe mzigo."

Umeme wa kuonja ulikuwa unapita. Umeme wa kufanya kazi haukuweza kupita. Mahali fulani kati ya swichi na mota, waya ulikuwa umebaki kugusana tu, unatosha kusomesha nambari nzuri kwenye mita, hautoshi kuinua kioo.

Akaenda kwenye bawaba za mlango. Ukifungua mlango wa dereva ukatazama pale unapokutana na mwili wa gari, utaona mpira mweusi wenye mikunjo kama shingo ya kobe. Ndani yake ndimo zinamopita waya zote zinazoingia mlangoni. Akauchomoa mpira ule, akavuta waya mmoja taratibu, na ngozi yake ikatanuka kama mpira wa soksi. Ndani shaba ilikuwa imekatika, imeota kutu ya kijani kwa maji yaliyoingia. Kwa nje ngozi ya waya haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mlango ukiwa wazi ncha zilisukumana zikagusana vizuri. Ukifungwa ziliachana.

Nikauliza kwa nini pale na si kwingine. Akasema waya haukatiki mahali umelala. Hukatika mahali unapojikunja kila siku. Nikapiga hesabu. Nikifungua mlango ule mara 20 kwa siku, ni mara 7,300 kwa mwaka, na gari hili lina miaka mingi kuliko huduma yangu.

Alikata sehemu iliyooza, akaunga kipande kipya kirefu kuliko cha kwanza ili kisivutwe mlango ukifunguka. Tena hakuunga pale kwenye mkunjo. Maungio aliyaweka pande mbili, moja ndani ya mlango na nyingine ndani ya mwili wa gari, akayachomelea kwa risasi na kuyafunika kwa mpira unaobana ukipata moto. Aliniambia ukiunga kwenye mkunjo, risasi ni ngumu haipindiki, itakatika tena. Kabla ya hayo yote alikuwa amefungua waya wa hasi wa betri, na nawe ukijaribu fanya hivyo kwanza. Aliponirudishia ufunguo nilifunga mlango, nikabonyeza, kioo kikapanda. Alinidai shilingi 800.

Sasa, mpendwa, ungamo langu.

Ndugu yule wa kwanza wa kinanda, ambaye amenipa ruhusa niandike haya bila jina lake, alihudumu nasi zaidi ya miaka sita. Ibada ya kwanza na ya pili. Kesha za Ijumaa. Harusi zenu. Na mazishi. Mara ngapi tumesimama kaburini na yeye amebeba kinanda mgongoni kupita kwenye mahindi ya watu? Yeye ndiye alikuwa bawaba ya ibada yetu, na sote tulijikunjia hapo.

Mwezi wa Januari alianza kuchelewa mazoezi. Februari akakosa mara mbili. Mimi nilimpima. Naam, nilimpima! Jumapili moja mlangoni, nikiwa nasalimia watu wanaotoka, nilimshika mkono nikamuuliza, "Ndugu yangu, u mzima?"

"Mzima, pasta. Mungu ni mwema."

"Wakati wote!"

Mita ikasoma 12. Nikashika mkono wa anayefuata.

Kwa kuwa umeme ulikuwa unafika na kioo hakipandi, nikakata shauri kwamba mota imekufa. Tukampumzisha, tukamweka kijana mwingine. Aliwaka Jumapili chache, tukashangilia, halafu naye akaanza kukosa mazoezi. Ndipo nikatoa lile tamko langu kuhusu vijana wasio na mzigo.

Jumatano ile nilipotoka kwa mzee sikwenda nyumbani. Niliendesha moja kwa moja hadi Lanet, kwa ndugu yule. Sikumuuliza kama ni mzima. Nilimwambia, "Nimekuja kukaa. Niambie Alhamisi yako ilikuwaje, tangu asubuhi hadi usiku."

Mke wake akaweka chai. Alichukua muda kabla hajaongea. Kazi aliyokuwa nayo iliisha Desemba. Tangu Januari alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Lanet hadi kanisani kila Alhamisi, zaidi ya saa moja na nusu, na kurudi usiku hivyohivyo. Siku za mvua alichelewa. Siku ambazo viatu havikuwa vimekauka, hakuja.

Nikamuuliza, "Na ile nauli ya idara ya muziki?"

Akanitazama. "Iliacha kuja, pasta. Tangu Januari."

Wapendwa, kwa miaka kadhaa kanisa lilikuwa linampa shilingi 200 kila Alhamisi. Januari kamati ya fedha ilibadilika. Mhazini mpya hakuambiwa. Hakuna kikao kilichoamua kuikata. Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Iliota kutu tu, ndani ya mpira, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Na yule kijana wa pili? Hakuwahi kupewa hata shilingi moja. Tulichomeka mota mpya kwenye waya uleule uliooza, tukaishangaa kufa.

Nilimuuliza ndugu yangu kwa nini hakusema. Alijibu kwa upole ulionichoma kuliko hasira: "Uliniuliza mlangoni, pasta. Nyuma yangu kulikuwa na foleni."

Sasa fungua Biblia yako. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame mrefu. Kwa macho ya watu, mita yake ilikuwa inasoma 12 kamili. Siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Tazama Mungu alivyofanya. Hakuanza kwa kumkemea. Hakuanza kwa kumtafutia mwingine. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, kisha malaika akarudi mara ya pili na chakula tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Soma mstari wa 7 taratibu. Mungu aliutazama mzigo, akautazama na mwili wa mtu wake, akaona haviendani. Ni kweli kwamba baadaye katika sura ileile Eliya anaambiwa ampake mafuta Elisha. Lakini mkate ulitangulia. Mimi nilianza na Elisha.

Ninyi viongozi wenzangu, tuseme ukweli. Salamu zetu kanisani ni nzuri na nitaendelea kusema Bwana asifiwe mpaka nife. Lakini salamu ni mita. Inaonja. Anayejibu amina kwa sauti kubwa anaweza kuwa amebakiza ncha mbili za shaba zinazogusana. Hutajua mpaka uketi naye pale mzigo wake ulipo: jikoni kwake, kazini kwake, kwenye njia anayoitembea kuja kwako.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujasema kwamba mtu fulani ameharibika, fuata njia ya umeme. Je, anapata alichokuwa anapata zamani? Nani alikuwa akimpigia simu, na simu hiyo iliacha lini? Anajikunja mara ngapi kwa siku kwa ajili ya wengine? Mtoto aliyeacha kuongea, mke aliyeacha kucheka, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa mwepesi na sasa amekuwa mzito, usikimbilie kuwabadilisha au kuwatangaza. Na ukipata palipokatika, ongeza urefu. Usirudishe waya wa kimo kilekile kilichovutwa mpaka kikakatika.

Na wewe unayesoma haya, ambaye kila Jumapili unasema "mzima" na huko nyumbani kioo hakipandi, sikulaumu. Lakini nakusihi, mtafute mtu mmoja umwambie kweli. Ukishindwa kusema mlangoni kwa sababu ya foleni, niandikie. Nitakuja.

Mtauliza kama ndugu yule amerudi kwenye kinanda. Bado. Sikwenda kumrudisha kwenye kinanda. Nilikwenda kumwomba msamaha, na mbele ya viongozi walewale nimeyafuta maneno yangu. Nauli ya wapiga vyombo wote imerudi, na safari hii imeandikwa kwenye bajeti, haimtegemei mhazini kukumbuka. Alhamisi jioni huwa nampigia simu. Wiki iliyopita tuliongea muda mrefu, na kinanda hakikutajwa hata mara moja.

Ile mota ya zamani nimeiweka juu ya meza yangu ofisini. Nzima kabisa.

Tuombe. Baba, utusamehe sisi tuliowatoa watu wako wakiwa wazima. Tupe macho ya kuona kilicho ndani ya mpira. Wale wanaojikunja kila siku kwa ajili yetu, watie nguvu, na utufanye sisi kuwa mkate na maji yao. Katika jina la Yesu, amina.

Kama kuna mtu amekujia moyoni ukisoma, usiandike jina lake hapa chini. Mpigie, au bora zaidi, mtembelee kabla ya Jumapili. Ukisharudi, ndipo uje uandike AMINA.